Mkojo Usiozuilika na Maradhi Yanayorudi: Fundisho kwa Nyumba Zetu

Mwezi huu twaleta fundisho juu ya jambo ambalo kwa kawaida husemwa kwa kunong'ona, au halisemwi kabisa. Katika sharika zetu za Usa River, na katika vijiji vilivyo juu yake kwenye miteremko ya Mlima Meru, wako wanawake ambao mkojo huwatoka pasipo hiari yao. Wako na wengine ambao huwashwa au hutokwa na uchafu ukeni. Hupata dawa, hupona, na baada ya miezi miwili huugua tena. Wengi wao wamedhani kwamba hayo ni mapato ya kuzaa na ya uzee, wala hakuna lililobaki ila kuvumilia.

Fundisho letu ni hili: hayo ni magonjwa, nayo yana sababu zinazojulikana, na kila sababu ina matibabu yake. Tena twataka kuonyesha jinsi shida hizi mbili zinavyoshikana, hata moja ikailea nyingine. Maana mtu asiyejua jinsi zinavyoshikana hutibu upande mmoja tu, kisha hushangaa kwa nini haponi.

Wanaume wasiuruke ukurasa huu. Mume ndiye mara nyingi mwenye kutoa nauli ya kwenda hospitali, na katika maradhi mengine, kama tutakavyoona, yeye naye hana budi kutibiwa.

1. Jinsi mwili ulivyo

Kibofu ni mfuko wa misuli ulio chini ya tumbo. Figo huchuja maji kutoka katika damu, na maji hayo hushuka kibofuni kidogo kidogo mchana na usiku. Kibofu cha mtu mzima mwenye afya huweza kushika kama mililita 400 au 500, yaani kama bilauri mbili. Mdomo wake umefungwa kwa misuli, nayo hufunguka pale mtu anapotaka.

Chini ya kibofu, kizazi na utumbo wa mwisho imetandikwa misuli mingine, kama kamba zilivyosukwa katika kitanda cha kamba, kutoka mfupa wa mbele mpaka mfupa wa mkiani. Hiyo huitwa misuli ya sakafu ya nyonga. Kamba za kitanda zikilegea, alalaye hubonyea chini. Hali kadhalika misuli hii ikilegea kwa kuzaa mara nyingi, kwa uzee, kwa unene, au kwa kubeba mizigo mizito, viungo vilivyo juu yake hushuka na mdomo wa kibofu haufungi sawasawa.

Njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi, yapata sentimeta 4 tu, nayo i karibu na njia ya haja kubwa. Ndiyo sababu wadudu wa tumboni hufika kibofuni mwa mwanamke kwa urahisi kuliko kwa mwanamume.

Na uke wenyewe una walinzi wake. Humo hukaa bakteria wema ambao hutengeneza ukali kidogo, kama ukali wa maziwa yaliyoganda, na ukali huo huwazuia wadudu wabaya wasiongezeke. Ute mweupe kidogo usio na harufu mbaya wala mwasho ni hali ya afya. Uke hujisafisha wenyewe kwa ndani. Kinachotaka kuoshwa ni sehemu ya nje, tena kwa maji safi.

2. Namna nne za kutokwa na mkojo

Kabla ya kutafuta dawa yatupasa kujua ni namna gani, maana dawa ya moja haifai kwa nyingine.

Namna ya kwanza ni ya kukazana. Mama akikohoa, akicheka, akipiga chafya, au akiinua ndoo ya maji, mkojo humtoka kidogo. Tumfikiri mama ashukaye na mkungu wa ndizi kichwani kwenda soko la Tengeru: kila anaporuka mfereji, nguo hulowa. Hapa kibofu ni kizima; kilicholegea ni misuli inayokifunga.

Namna ya pili ni ya haraka. Hamu ya kukojoa huja ghafula na kwa nguvu, naye hafiki chooni. Huamka usiku mara nyingi. Hapa kibofu chenyewe hujikaza kabla ya wakati wake. Wako wanawake wengi wenye namna ya kwanza na ya pili pamoja.

Namna ya tatu ni ya kufurika. Kibofu hakijimwagi vizuri, hujaa mno, na mkojo hudondoka kidogo kidogo. Huweza kutokea kwa mwenye kisukari cha miaka mingi, kwa aliyeumia uti wa mgongo, au kwa ambaye kizazi kimeshuka na kuziba njia.

Namna ya nne ni ya tundu, nayo huitwa fistula. Mkojo hutoka mchana na usiku bila kukoma, hata mama akiwa amelala, wala hahisi hamu ya kukojoa. Karibu kila mara huanza baada ya uchungu wa uzazi uliochukua siku nyingi, au baada ya kupasuliwa. Tutaieleza mbele, kwa kuwa haiponi kwa mazoezi wala kwa vidonge.

3. Maradhi yanayorudi

Sasa tuyatazame maradhi ya uambukizo. Watu wengi huyataja yote kwa jina moja, U.T.I., wakanunua dawa ile ile kwenye duka la dawa. Lakini ni maradhi mbalimbali.

Maradhi ya kibofu huonekana hivi: mkojo huchoma, hamu huja kila mara, hutoka kidogo tu, na pengine una damu. Kikija na homa, baridi, kutapika na maumivu ya kiunoni, ugonjwa umepanda kwenye figo, na mgonjwa aende hospitali siku ile ile. Mama mjamzito asingoje hata kidogo, maana ugonjwa huu huweza kuleta uchungu kabla ya miezi kutimia. Akiugua mara mbili katika miezi 6, au mara tatu katika mwaka, hayo huitwa maradhi ya kujirudia, na yataka mkojo uoteshwe maabara ili wadudu wajulikane pamoja na dawa inayowaua. Kunywa dawa za viuavijasumu kwa kubahatisha, au kuziacha nusu, huwafundisha wadudu kuzishinda dawa.

Fangasi huleta mwasho mkali na ute mzito mweupe kama maziwa ya mgando, kwa kawaida usio na harufu mbaya. Hupenda kuwajia wajawazito, wenye kisukari, wenye kinga dhaifu, na waliotoka kunywa viuavijasumu. Angalieni neno hili: mama aliyetibiwa U.T.I. isiyokuwapo huweza kupata fangasi kwa ajili ya dawa yenyewe, kisha akarudi dukani akidhani U.T.I. imeongezeka. Fangasi ikirudi mara tatu au zaidi kwa mwaka, apimwe sukari na virusi vya Ukimwi, apewe matibabu ya muda mrefu chini ya daktari.

Uambukizo wa bakteria ukeni huleta ute mwepesi wa kijivu wenye harufu ya samaki, hasa baada ya tendo la ndoa. Hapa wale bakteria wema wamepungua na wengine wamechukua nafasi yao. Ugonjwa huu una sifa mbaya ya kurudi. Mwaka 2025 madaktari wa Melbourne, Australia, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao: kwa wanawake waliotibiwa peke yao, 63 kwa mia waliugua tena katika majuma 12, lakini mume au mwenzi alipotibiwa pamoja, kwa vidonge na kwa dawa ya kupaka, waliougua tena walikuwa 35 kwa mia. Basi mama ambaye ugonjwa huu humrudia aulize hospitali kama mumewe naye atibiwe.

Trikomonasi huleta ute wa rangi ya manjano au kijani, wenye povu pengine, na mwasho. Huu huambukizwa kwa tendo la ndoa, na mume hana budi kutibiwa hata kama haoni dalili yo yote. Akitibiwa mke peke yake, atarudishiwa ugonjwa nyumbani mwake.

Tena kuna maradhi mawili ambayo hujificha nyuma ya haya. La kwanza ni kichocho, ambacho chaweza kuumiza kibofu, uke na mlango wa kizazi kwa mtu aliyeoga au kufanya kazi katika maji yenye konokono. Aliyeishi pwani, Zanzibar au kando ya ziwa Viktoria amwambie daktari. La pili ni saratani ya mlango wa kizazi. Ute wenye harufu mbaya uliochanganyika na damu, au damu baada ya tendo la ndoa, au damu kwa mama aliyekwisha koma hedhi, ni sababu ya kwenda kuchunguzwa mara moja.

4. Jinsi shida hizi zinavyoleana

Tufuate sasa habari ya mama mmoja wa mfano, ili tuone njia ambayo wengi huipita pasipo kujua.

Mama huyu anafanya kazi katika shamba la maua. Mkojo unamtoka kidogo akiinama. Anaona haya, kwa hiyo anaacha kunywa maji tangu asubuhi. Kwa kuwa hanywi, mkojo wake unakuwa mzito na mkali, unakichokoza kibofu, nacho kinataka kujimwaga upesi zaidi. Wadudu nao hawasukumwi nje kwa maji, bali wanabaki na kuongezeka. Sasa amepata ugonjwa wa kibofu, na ugonjwa huo unaongeza ile hamu ya ghafula. Kumbe alikuwa akivuja kidogo, sasa anavuja zaidi.

Anaweka kitambaa, nacho kinakaa kimelowa mchana kutwa. Ngozi inababuka na kuwasha. Anaogopa harufu, kwa hiyo anajiosha ndani kwa sabuni, au kwa dawa ya kuulia wadudu ambayo watu husafishia sakafu, au kwa ndimu, siki, chumvi au shabu. Vitu hivyo vinawaua wale bakteria wema. Baada ya siku chache inakuja harufu ya samaki ambayo hakuwa nayo mwanzo, naye anazidi kujiosha. Mwisho anaacha kwenda sokoni, anaacha kwaya, na siku ya Jumapili anasema kwamba anaumwa kichwa.

Tukitazama vizuri, mama huyu hakufanya neno lo lote kwa uvivu wala kwa uchafu. Kila alilolifanya alilifanya kwa kutaka kuwa safi. Walakini kila hatua ilimwongezea ugonjwa. Basi njia ya kutoka ni kuzigeuza hatua zile zile: kunywa maji, kuacha kuosha ndani, kukausha ngozi, kupimwa kabla ya dawa, na kuitia nguvu misuli.

5. Mambo yanayoweza kufanyika nyumbani

Maji. Mama mzima anywe kama lita moja na nusu hadi lita mbili kwa siku, na zaidi akifanya kazi juani, isipokuwa daktari amemkataza kwa ajili ya moyo au figo. Apunguze saa mbili tatu kabla ya kulala. Chai kali, kahawa na soda huchokoza vibofu vya wengi. Mwenye hamu ya ghafula ajaribu kuvipunguza kwa majuma mawili aone. Twajua kwamba maji ya Mlima Meru yana floridi nyingi, na meno ya watu wengi wa kwetu yamegeuka kahawia kwa ajili hiyo. Lakini kuogopa floridi kusiwe sababu ya kukaa na kiu. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri na kuchemshwa hufaa, na kituo cha Ngurdoto, jirani na Usa River, kimefanya kazi ya kuchuja floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Usafi. Nje huoshwa kwa maji safi, mara moja au mbili kwa siku, na ndani haingizwi kitu. Baada ya haja kubwa, mtu ajipanguse kutoka mbele kwenda nyuma. Akojoe baada ya tendo la ndoa. Asizuie mkojo saa nyingi shambani. Na wasimamizi wa mashamba wajue kwamba choo kilicho karibu ni sehemu ya afya ya wafanyakazi.

Vitambaa. Pedi au kitambaa cha pamba kibadilishwe mara kinapolowa. Vitambaa vifuliwe kwa sabuni, visuuzwe mpaka sabuni iishe, na kuanikwa juani. Twajua kwamba wengi huvianika mvunguni mwa kitanda kwa haya. Lakini gizani havikauki, navyo huota ukungu. Anayeona haya avifunike kwa khanga nyepesi juu ya kamba, jua litapenya. Kabla ya kuweka kitambaa, ngozi ipakwe mafuta ya mgando yasiyo na manukato, ili mkojo usiibabue.

Mazoezi ya misuli. Mwaka 1948 daktari Arnold Kegel wa Los Angeles, Marekani, alitangaza mazoezi ambayo mpaka leo ndiyo matibabu ya kwanza ya mkojo wa kukazana. Hayana gharama. Mama afikiri kwamba anazuia upepo usitoke mbele ya wageni, na papo hapo anazuia mkojo. Misuli ile inayojivuta juu ndiyo yenyewe. Aikaze huku akihesabu polepole mpaka 5, kisha ailegeze kwa kuhesabu 5. Afanye hivyo mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Akizoea, ahesabu mpaka 10. Asibane pumzi, wala asikaze tumbo, mapaja au makalio. Asifanye zoezi hili wakati wa kukojoa, maana huweza kuzuia kibofu kisijimwage chote. Tena ajifunze kuikaza misuli kabla ya kukohoa au kuinua ndoo. Asitazamie faida katika juma moja: yampasa kuendelea kwa muda wa miezi 3 bila kuacha, kama vile mtu apaliliavyo migomba kabla ya kuona mkungu.

Kukifundisha kibofu. Mwenye hamu ya ghafula aandike siku tatu nyakati anazokojoa. Ikiwa huenda kila baada ya saa moja, aende kwa saa hiyo hata kama hana hamu. Kisha kila juma aongeze dakika 15, mpaka afike saa tatu. Hamu ikimjia kabla ya wakati, asikimbie. Aketi, aikaze ile misuli, na angoje ipite, ndipo aende taratibu. Kazi hii huchukua majuma 6 au zaidi.

Mambo mengine. Kufunga choo hukisukuma kibofu, kwa hiyo ale mboga, maharage na matunda. Mnene akipungua uzito kidogo, mkojo wa kukazana hupungua. Kikohozi kisichokoma kitafutiwe dawa, na tumbaku iachwe. Anayetumia dawa ya shinikizo la damu inayopunguza maji mwilini amwulize daktari saa inayofaa kuimeza.

6. Habari ya fistula

Mtoto akikwama katika njia ya uzazi siku mbili tatu, kichwa chake huibana nyama laini dhidi ya mfupa wa nyonga. Damu haipiti, nyama hufa, na baada ya siku chache huachia tundu kati ya kibofu na uke. Mara nyingi mtoto naye amekufa. Hivyo mama hurudi nyumbani bila mtoto, na mkojo ukimtoka bila kukoma. Katika nchi ambazo kila mama huzalia mahali penye msaada wa upasuaji, jambo hili limekuwa nadra sana. Kwa hiyo twajua kwamba sababu yake ni kuchelewa kwa msaada, wala si laana, si uchawi, wala si adhabu ya kosa la mke.

Elimu ya kuliziba tundu hili ilipatikana kwa gharama kubwa. Katika miaka ya 1845 hadi 1849, kule Montgomery, Marekani, daktari Marion Sims aliwapasua mara nyingi wanawake watumwa, pasipo dawa ya usingizi. Majina ya watatu yamehifadhiwa: Anarcha, Lucy na Betsey, na Anarcha alipasuliwa mara 30 hivi. Kila mama anayeponywa leo anapokea kitu kilichotokana na mateso yao, na yafaa tuwataje.

Afrika Mashariki elimu hiyo iliota mizizi Uhabeshi. Reginald na Catherine Hamlin, madaktari mume na mke, walifika Addis Ababa mwaka 1959, na mwaka 1974 walianzisha hospitali ya fistula peke yake. Mama Hamlin aliendelea na kazi hiyo mpaka uzee wake, akafariki mwaka 2020 mwenye umri wa miaka 96. Kwetu Tanzania, hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imewatibu wagonjwa wa fistula bila malipo. Na ilipoonekana kwamba nauli ndiyo inayowazuia walio mbali, walianza kuwatumia fedha za safari kwa M-Pesa. Karibu nasi zaidi, upasuaji huu umefanyika KCMC kule Moshi, na upande wa Ngaramtoni katika Hospitali ya Selian na kituo cha uzazi cha Kivulini.

Maneno matatu yashikwe na kila nyumba. Kwanza, uchungu usilale nyumbani: mama aliyeshinda au kukesha na uchungu na mtoto hajatoka apelekwe hospitali, hata kama mkunga mzee asema tungoje kidogo. Pili, mkojo ukianza kuvuja baada ya kuzaa, arudi hospitali upesi. Kwa maana tundu dogo lililo jipya huweza kujifunga lenyewe kwa kuwekwa mpira wa mkojo majuma 4 hadi 6, pasipo kisu. Tatu, tundu la zamani nalo hutibika. Mama aliyeishi nalo miaka 20 asiseme ya kuwa amechelewa. Na akipona, uzazi unaofuata uwe hospitalini, kwa kupasuliwa.

7. Mahali pa kwenda na la kusema

Aliye Usa River ana zahanati na vituo vya afya karibu, ana Hospitali ya Nkoaranga mlimani, na Hospitali ya Wilaya ya Meru kule Tengeru. Wengi huenda, lakini wakifika mbele ya daktari husema "tumbo lauma", wakapewa dawa ya tumbo. Afadhali mama aseme waziwazi: "Mkojo hunitoka bila kutaka," au "Nawashwa na uchafu hunitoka, na ni mara ya nne mwaka huu." Akipenda, na aombe kuhudumiwa na mwanamke. Aeleze lini ilianza, amezaa mara ngapi, ametumia dawa gani. Aombe mkojo upimwe, ute uchunguzwe, na sukari ipimwe. Misuli ikishindwa na mazoezi, iko pete laini ya kutegemeza kizazi kilichoshuka, viko vidonge vya kutuliza kibofu, na uko upasuaji. Kwa mama aliyekoma hedhi, ambaye uke umekauka na maradhi ya kibofu humrudia, iko krimu ya homoni ya kupaka ukeni, ambayo husaidia sana, aiulizie.

8. Wajibu wa nyumba na wa usharika

Sote twajua habari ya yule mwanamke katika Injili ya Marko, aliyetokwa na damu miaka 12 na kumaliza mali yake kwa waganga, akaja kwa siri katikati ya mkutano. Hakuondolewa mbele ya watu. Basi na sisi tujiulize wanawake wenye shida hii wako wapi siku ya ibada.

Mama mkwe asimcheke mkwewe. Mume asimrudishe mke kwa wazazi wake kwa ajili ya ugonjwa alioupata katika kumzalia mtoto. Wazee wa kanisa waangalie kwamba choo cha usharika kina maji, mlango unaofungika na chombo cha kutupia pedi, na kwamba mama apendaye kukaa karibu na mlango haulizwi kwa nini. Umoja wa wanawake unaweza kuweka akiba ndogo ya nauli, na kumteua mama mmoja mwenye kutunza siri wa kumsindikiza mgonjwa. Hilo la kusindikizwa tulihesabu kuwa kubwa, kwa maana wengi wameshindwa kuingia katika lango la hospitali kwa haya tu.

Maswali ya kujifunza pamoja

1. Taja namna nne za kutokwa na mkojo. Ni ipi isiyoponywa kwa mazoezi?
2. Kwa nini kupunguza maji ya kunywa huongeza shida?
3. Ni vitu gani ambavyo katika kijiji chetu hutumiwa kuosha uke kwa ndani? Tutawaambiaje mabinti zetu juu ya jambo hili?
4. Ni maradhi gani ambayo mume lazima atibiwe pamoja na mkewe?
5. Mama akishikwa na uchungu usiku kijijini kwetu, ni gari la nani litakalomchukua, na nani mwenye namba yake ya simu?

Swali la tano lisijibiwe kwa kukisia. Kila kikundi kiandike jina na namba, na karatasi hiyo ibandikwe kwenye mlango wa kanisa kabla ya mwezi kwisha.